Kohoeni Nijue Mpo

Wanangu wananicheka kwa sababu moja: siwezi kusoma kitu cha mtu mtandaoni nikaondoka kimya. Iwe ni hadithi ya binti wa chuo, shairi la mwalimu mstaafu, au maelezo ya mtu anayejifunza kupika maandazi, nikimaliza lazima niandike neno. Naandika kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani, na siishii kwenye "hongera". Nasema wapi nilicheka, wapi nilichoka, na kama mume wa kwenye hadithi anastahili kufukuzwa, namfukuza. Kitinda mimba wangu anasema, mama, watu watakuona huna kazi. Ni kweli sina kazi, nimestaafu. Lakini hiyo siyo sababu.

Kinachonikera ni hawa wanaosoma mpaka mwisho, wakafaidi, wakajiondokea kama watu waliokula bila kualikwa. Halafu baada ya muda wanaulizana, yule dada mbona siku hizi haandiki? Aandike amwandikie nani? Alipokuwa anaandika ninyi mlisema nini? Haya, samahani, nimeanza kufoka hata sijasalimia. Hasira hii ni ya baba yangu, mimi nimeirithi tu, na nitaeleza nilivyoirithi.

Baba alikuwa manju. Kwetu Usukumani, upande ule wa Magu, manju ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma, na ngoma yetu haina kubembelezana. Pamba na mpunga vikishavunwa, makundi mawili yanaingia uwanja mmoja siku moja, kila kundi na upande wake, na yanaanza pamoja. Jaji hakuna. Makofi hakuna. Watu wanasimama pale wanapopapenda, wakichoka wanahamia kwa yule mwingine, na jua likielekea kuzama mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Ndiyo maana manju anaimba huku anatazama miguu ya watu.

Kuna watu wasiohesabiwa. Wake na watoto wa wachezaji hawahesabiwi, kwa sababu hao hawana pa kwenda. Na wale wanaokatiza uwanja hawahesabiwi pia, maana uwanja wetu ulikuwa na njia katikati, njia ya kwenda mnadani, na siku ya ngoma bado kulikuwa na watu wanaopita na mbuzi wao na debe la karanga kichwani. Mtoto yeyote kijijini alijua kutofautisha aliyesimama na anayepita.

Nilipokuwa mdogo nilimwona baba akishinda. Mwaka mmoja aliingia uwanjani ndani ya basi la mbao, lina usukani na kondakta wa kuning'inia mlangoni, na uwanja mzima ukahamia kwake mpaka watu wakaangusha boma la jirani. Wapinzani walisema ametumia dawa ya mvuto. Baba hakukubali wala hakukataa. Nadhani alipenda wafikiri hivyo.

Halafu zikaja nyakati za soko huria, na mambo yakaja yote kwa pamoja. Wanunuzi binafsi wa pamba, mitumba, vibanda vya video, redio za kila namna. Chama cha ushirika nilichokuwa nakichapia barua pale Mwanza kilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Na kule kijijini manju wa upande wa pili, mtu ambaye zamani alicheza nyuma ya baba na kujifunzia kwake, akaja uwanjani na jenereta na spika.

Sikuwapo siku hiyo, mama ndiye aliyenisimulia. Alisema baba aliimba vizuri kuliko miaka yote, na watu wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, kama wanaokwenda kujisaidia nyuma ya mkonge. Hawakurudi. Baba alibaki na wachezaji wake, wake zao na mbwa. Akaumaliza wimbo wake mpaka ubeti wa mwisho, akafungua njuga miguuni, akaja nazo nyumbani akazitundika kwenye msumari. Hakutunga tena.

Mtu asiyewahi kumwona mtunzi aliyeacha kutunga atasema ni uvivu. Baba alikuwa analima, anakula, anakwenda kwenye vikao, lakini hayupo. Unamwamkia shikamoo anaitikia marahaba, macho yako kwenye mlima. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na siku moja aliniambia, mayu, baba yako ananifia huku anatembea. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Wote wawili waliniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la bibi mzaa baba. Nikarudi Mwanza na maneno hayo, na sikuwa na la kuyafanyia. Mimi ni mchapaji. Ningemchapia nini?

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi kwa tajiri mmoja, mzee mwenye asili ya Kihindi ambaye ukoo wake ulikuwa na duka pale mtaa wa Mirongo tangu enzi za babu yake. Alianza na mashine za kuchapia na fotokopi, kisha, mwishoni mwa miaka ile ya tisini, akaleta kompyuta, akavuta laini ya simu, na duka likageuka la intaneti. Watu walijaa. Wanafunzi, wanunuzi wa dhahabu, wafanyakazi wa viwanda vya minofu ya sangara wanaosubiri majibu kutoka Ulaya. Kazi yangu ilikuwa kuwasha kompyuta asubuhi, kuhakikisha laini imeshika, na kuwaonyesha wageni namna ya kushika kipanya, maana wengine walikuwa wanakinyanyua hewani.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa Ulaya masomoni. Siku moja akaniandikia kwamba sasa mtu yeyote anaweza kuwa na ukurasa wake mtandaoni bure, na dunia nzima ikausoma. Nilikaa na sentensi hiyo siku nzima. Dunia nzima. Uwanja mkubwa namna hiyo, na yule wa jenereta hayumo.

Nikaenda nyumbani. Kumshawishi baba haikuwa kazi ndogo. Alisema wimbo wa ngoma ukiuandika unakuwa maiti, unalala tu hapo. Nikambembeleza, mama akanisaidia kwa kununa, na mwishowe akaniimbia kwa sauti ya chini huku anachambua mbegu za pamba, kama mtu anayemaliza deni. Nikaandika kwa Kisukuma na chini yake Kiswahili. Mdogo wangu akaziweka nyimbo hizo kwenye ukurasa, na mwisho kabisa akaweka vitu viwili: mahali pa mgeni kuandika neno, na namba ndogo iliyokuwa inapanda kila ukurasa unapofunguliwa.

Mimi kwa fahari yangu nikaufanya ukurasa wa baba uwe wa kwanza kutokea kwenye kila kompyuta ya duka. Hapakuwa na hila yoyote. Ni kama mtu anavyotundika picha ya baba yake sebuleni. Tajiri aliutazama, akauliza ni nani, nikamwambia ni baba yangu, akasema mheshimu baba yako, akaenda zake.

Namba ikapanda. Jamani, ile namba ilipanda. Asubuhi nikifika, kabla hata sijafungua madirisha, nashuka moja kwa moja mpaka chini ya ukurasa, nakuta imeongezeka. Jioni imeongezeka zaidi. Nikampelekea baba habari, na yeye aliacha jembe akanitazama usoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu.

"Hiyo namba," akauliza, "ni watu waliosimama?"

Nikamwambia ndiyo, ni watu waliosimama.

Wiki iliyofuata nikamkuta anatunga. Mama alinipokea njiani kabisa, hata mzigo hakunipokea, akaniambia kwa kunong'ona nisimsemeshe, anatunga. Alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba akijipigia paja. Wazee wenzake walianza kumtania, wakimwita mtu wa Ulaya, wakimuuliza Wazungu wake wanaendeleaje, naye anajibu kwamba ni wengi na bado wanakuja. Wachezaji wa zamani wakaanza kupitapita nyumbani jioni kunywa uji. Mama akapika kwa furaha, hata chumvi ikawa inazidi.

Wimbo alioutunga ulikuwa wa kuwasemesha wale wasomaji. Alinifundisha jinsi ya kuugeuza kwa Kiswahili, akabishana nami neno kwa neno, na nilipomaliza ulisema hivi:

Ninyi mliosimama mbali nisikoona,
miguu yenu siioni, vumbi lenu silioni.
Sitaki mbuzi, sitaki shilingi.
Kohoeni tu, nijue mpo.

Nikauchapa, ukaenda. Kuanzia hapo kila Jumapili nikifika, baba haniulizi nauli imepanda au watoto hawajambo. Ananisogelea na kuniuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia mgonjwa hospitalini: "Wamekohoa?"

Namjibu bado, baba. Anatikisa kichwa. Anasema labda ni wageni, wana haya.

Hakuna kitu kigumu kama kumletea mtu namba wakati yeye anataka neno. Nilikuwa nafungua ile sehemu ya wageni mara nyingi kwa siku na kukuta nyeupe, imekaa tu kama kibaraza kilichofagiliwa cha watu waliohama. Siku moja nikakuta mtu ameandika. Nilipiga yowe dukani, mnunuzi mmoja wa dhahabu akadhani nimeibiwa. Kusoma, mtu huyo alikuwa anauliza bei ya minofu ya sangara kwa tani. Sijui alipotelea wapi mpaka akaangukia kwetu. Nilimwambia baba vilevile ilivyokuwa. Nilidhani atavunjika moyo. Akacheka mpaka akafuta macho, akasema huyo angalau amekohoa.

Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri na pamba ilitoka. Baba akapeleka salamu kwa yule manju wa jenereta kwamba mavuno yakiisha wakutane uwanjani. Alinieleza mwenyewe huku anashusha njuga kutoka kwenye msumari na kuzipaka mafuta moja moja. Alisema sasa hana hofu, kwa sababu hata watu wa hapa wakihama, anajua ana watu wengine waliosimama, na wale hawajahama. Namba haijarudi nyuma hata siku moja, si ndivyo? Nikasema ndivyo. Wachezaji waliambiwa hivyohivyo, na wao wakawaambia wake zao, na kijiji kizima kikajua kwamba mzee anaingia uwanjani akiwa na umati usioonekana.

Halafu waya wa simu ukaibwa. Mtaa mzima pale Mirongo ulibaki bila laini, wahusika wakawa wanasema kesho, na kesho yao unaijua. Tulikaa tukichapa barua na kutoa fotokopi kama zamani. Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja tu wa kupendeza: nilikuwa nawaza namba itakuwa imefika wapi wakati sisi hatupo.

Laini iliporudi niliwasha kompyuta moja tu, nikashuka chini ya ukurasa. Namba ilikuwa palepale nilipoiacha. Imeongezeka moja, na hiyo moja ilikuwa mimi niliyefungua.

Nilidhani imeharibika. Nikawasha kompyuta ya pili, ikapanda. Ya tatu, ikapanda. Nikakaa kwenye kiti cha mteja. Yaani Ulaya nzima na Marekani yake waliacha kusoma siku ile waya wa Mirongo ulipokatwa, wakaanza tena siku ulipounganishwa? Nilijua jibu, lakini nilimwandikia mdogo wangu nikitumaini yeye ana jingine. Hakuwa nalo. Akanieleza vizuri, bila kunicheka, na afadhali angenicheka. Kila mteja aliyekaa kwenye kompyuta zetu alihesabiwa, kwa sababu ukurasa ulikuwa unafunguka wenyewe kabla hajaenda kwenye barua zake. Wale wanafunzi. Wale wa dhahabu. Wale wa sangara. Hakuna aliyesoma hata mstari. Umati wa baba ulikuwa ni wateja wetu wakipita kwenda mahali pengine, na mimi nikiwa mmoja wao.

Siku ya ngoma ilikuwa imekaribia. Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kujiandikia mwenyewe kwenye ile sehemu ya wageni, nijiite Mzungu fulani, nikohoe. Nilifika mpaka kuweka vidole kwenye vibonye. Sikuweza, kwa sababu baba angeniuliza huyo mtu amesimama kwenye ubeti gani, na amesema nini hasa, na baba huwezi kumdanganya kuhusu msikilizaji. Lakini pia ningemwacha aingie uwanjani akiwaambia wenzake ana watu? Sikuwa na kitu cha kumpa chenye ukweli ndani yake isipokuwa habari yenyewe.

Nikampelekea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anajifunga njuga kujaribu kama kamba zinashika. Nilimweleza yote, na kwa sababu hajawahi kuona kompyuta nilieleza kwa kirefu na vibaya, nikarudia, nikachanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akawa mwepesi wa kuelewa kuliko nilivyokuwa mimi.

"Ulikuwa unahesabu wanaokatiza uwanja," akasema.

Nikasema ndiyo, baba.

Hakukasirika. Laiti angekasirika, baba akikasirika huwa anatunga. Alikaa anachezea kamba ya njuga, mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi, hajui aingie au atoke. Kisha akanitazama tena vile alivyonitazama siku ya kwanza ya namba, moja kwa moja usoni, na nadhani alikuwa anaomba kitu kidogo sana.

"Na wewe uliyekuwa unafungua kila siku. Uliupenda wimbo upi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimezichapa zote, kila mkato na kila nukta, nazijua kwa vidole. Lakini asubuhi zote zile, na jioni zote zile, nilikuwa nashuka mbio mpaka chini kwenye namba. Sikuwahi kusimama njiani. Nikatafuta hata mstari mmoja wa kumtajia, na kila uliokuja ulikuwa ni ule wa kukohoa, na huo nisingethubutu.

Kisha akainama, akaanza kufungua njuga.

"Kumbe hata wewe ulikuwa unakatiza."

Akaenda kuzitundika kwenye msumari. Nikabaki nimekaa chini pale uani, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine chochote duniani cha kumpa, nikakohoa. Nilikohoa kwa makusudi, kwa sauti, kama mtu anayebisha hodi. Baba akasimama na mkono bado uko ukutani. Niliona bega lake likitikisika, sikujua kama ni kicheko.

"Nimekusikia, mayu," akasema bila kugeuka. "Lakini wewe ni wa nyumbani. Huhesabiwi."

Hakuingia uwanjani mwaka ule, wala mwingine. Siku ya ngoma tulisikia jenereta kutoka nyumbani, na mama akapika mapema ili tupate kelele za vyombo. Ule ukurasa nao ulikaa huko mtandaoni mpaka siku moja ukafungwa na wenyewe waliokuwa wanatoa nafasi za bure. Niliuondoa kwenye kompyuta za duka muda mrefu kabla ya hapo, na namba ikasimama, ikabaki imesimama.

Kwa hiyo wanangu wacheke. Yule binti wa chuo anayeandika hadithi yake kipande kwa kipande, hanijui, sijui anaishi wapi, na siku nyingine anaandika ovyo kabisa nami namwambia. Juzi alimwandika mama mmoja anayepanga sahani kabatini wakati mgeni hajaondoka, nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza. Nikamwandikia ni sahani zile zilizonichekesha. Mimi si wa nyumbani kwake. Nikikohoa, nahesabiwa.